Matone ya olopatadini kwa macho yanayowasha: uzoefu wa muuza mitumba Dodoma

Kama macho yako yanawasha, kuna uwezekano mkubwa dawa hii ikakufaa. Kama yanauma, iache, nenda ukapimwe. Nalitanguliza hilo kwa sababu sokoni kwetu jicho likiwa jekundu tu, kila mtu anatoa jibu lake: "Hiyo aleji." Dodoma ina vumbi na upepo, sawa, lakini mkoa huuhuu ndio wenye Kongwa, ambako vikope (trakoma, maambukizi ya macho yanayoweza kupofusha) vimesumbua watu miaka na miaka. Si kila jicho jekundu ni aleji.

Yangu ni aleji. Nauza mitumba, na ukishakata kamba za belo, hasa la masweta na makoti, nguo zinafumuka na vumbi laini linakupanda usoni kabla hujainua hata nguo moja. Hazipiti dakika nyingi pembe za macho upande wa pua zinaanza kuwasha, machozi yanatiririka, kope zinavimba kama nimetoka msibani. Kiangazi, upepo wa huku unamalizia kazi.

Piritoni inapunguza, ila inanisinzisha mbele ya wateja na kunikausha macho na mdomo. Duka moja la dawa walitaka kunipa matone ya mchanganyiko wa gentamisini na deksamethasoni. "Chukua hii dada, ndiyo wanayotumia wote." Muuzaji hakuniuliza hata swali moja. Nilisoma boksi nikamrudishia. Deksamethasoni ni steroidi. Inaondoa wekundu haraka, ndiyo maana inapendwa, lakini ukiizoea bila kusimamiwa na daktari inaweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho, na kama kuna kidonda cha virusi kwenye kioo cha jicho, ndiyo unakipa nafasi ya kusambaa. Hiyo gentamisini nayo inaua bakteria. Vumbi la belo halina habari nayo.

Kliniki ya macho daktari alinipindua kope la juu akachungulia ndani (haliumi, linashtua tu), kisha akaandika olopatadini ya asilimia 0.1, tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. Alinieleza kwamba mwili ukikutana na kitu usichokipenda, kuna seli zinamwaga histamini, na hiyo ndiyo inayowasha. Olopatadini inaizuia histamini iliyokwisha kumwagwa, na pia inazituliza zile seli zisiendelee kumwaga. Ketotifeni nayo iko kundi hilohilo. Kuna pia sodiamu kromoglikati, lakini hiyo ni ya kuwahi: unaweka mara nne kwa siku na huchukua siku kadhaa, hata wiki, kabla hujaona faida yake kamili. Ukingoja belo lifunguliwe ndipo uiweke, umechelewa.

Matokeo? Kuwasha kunashuka ndani ya dakika chache, sizidishi chumvi. Wekundu unachelewa kidogo. Tone likiingia linachoma kidogo na kuacha, na mwanzoni nilikuwa nasikia ladha chungu kooni, kwa sababu dawa inateremka kwa kamfereji kanakotoka kwenye jicho kwenda puani. Sasa naweka hivi: nanawa mikono kwa sabuni kwanza, maana mikono ya mtu wa mitumba unaijua mwenyewe, naangalia juu, navuta kope la chini mpaka linakuwa kama kifuko, nadondosha tone bila ncha ya kichupa kugusa jicho wala kope. Nafumba taratibu na kubonyeza kona ya jicho upande wa pua kwa dakika moja hivi. Uchungu umekwisha, na dawa inabaki jichoni badala ya kunywewa. Tone la pili halina faida, jicho halina pa kuliweka, linaishia shavuni.

Linaloniuma ni kichupa. Ninachotumia mimi, ukishakifungua unatakiwa kukitupa baada ya wiki nne hata kama kina dawa, na kwa matone manne ya kila siku, kwangu dawa hubaki. Naandika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino mzito, kisha nafanya ninavyotakiwa, huku roho inauma. Jirani wa kibanda aliniomba "tone moja tu." Nikamwambia, shoga, nguo nitakukopesha, hii hapana. Ncha ikigusa jicho lenye maambukizi, tumeshagawana.

Wanaovaa lenzi za macho wazitoe kwanza, wasubiri angalau dakika kumi ndipo wazirudishe, kwa sababu vichupa vingi vina benzalkoniamu, kihifadhi kinachonywewa na lenzi laini.

Dawa haifuti vumbi. Mabelo nafungulia nje, upepo ukiwa mgongoni, miwani usoni, na yakizidi naweka kitambaa safi cha maji baridi juu ya macho. Kufikicha ndiyo kazi ngumu kuacha, maana ni kutamu! Lakini mtoto anayefikicha kila siku msimpuuze: kioo cha jicho kinaweza kulegea na kuchongoka, na watoto wana aina ya aleji kali ambayo tone la dukani peke yake haliiwezi. Na mtu yeyote akianza kuumia kwa mwanga, kuona ukungu ambao hauondoki hata akipepesa, au kutoka usaha, asihangaike na matone ya aleji.

Bei yake iko juu kuliko yale matone niliyorudisha, na si kila duka linayo. Uliza kwa jina la dawa, si la kampuni, kwani watengenezaji ni wengi na bei zinapishana sana. Angalia pia asilimia: ya 0.1 ni mara mbili kwa siku, ya 0.2 ni mara moja. Mimi nimebaki na ya 0.1, ndiyo ninayoipata karibu na soko.