Kibanda umiza cha mitambo Ngamiani, mia tatu yangu imetulia

Mi ni mtu wa video za mitambo tangu napata simu ya kupangusa, mke wangu ameshazoea, nikiwa kimya sana chumbani anajua kuna katapila linapanda mlima mahali. Shida bando. Video ya dakika arobaini ukitaka uione vizuri inakumaliza bando la wiki, ukiishusha ubora unaona ukungu tu hujui lile ni greda au ni ng'ombe. Ndo jirani akanambia kuna kibanda umiza huku Ngamiani, Tanga, Jumapili asubuhi kabla ya mpira jamaa anaweka mitambo tupu, kiingilio mia tatu. Nikajua ananitania.

Nimeshaenda Jumapili nne mfululizo. Bango hamna, ni mabati na turubai la bluu, mabenchi ya mbao yamekaliwa mpaka yamefanya mabonde, runinga kubwa ya ukutani na spika mbili ambazo mwenyewe ana busara ya kutozifungulia zote. Picha safi kabisa, anashusha video usiku anaziweka kwenye flashi kwaiyo hakuna kukwamakwama.

Lakini hapo watu ndo mali. Kuna madereva wa tipa, kuna watu wa bandarini, kuna dada mmoja opareta wa kijiko, ule mtambo wa kuchimba, anakaa nyuma haongei mpaka aone mtu amedanganya, na kuna mzee mmoja alikua fundi wa korona, ile mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani, kwenye kiwanda cha mkonge miaka hiyo, huyo ndo kama hakimu. Akisema "simamisha hapo kijana" video inasimama, mpende msipende.

Siku yangu ya kwanza liliwekwa lile dubwana la Wajerumani, Bagger 288, la mwaka 1978, tani 13,500, linachimba mpaka tani 240,000 za makaa kwa siku. Mwaka 2001 walilihamisha toka mgodi mmoja kwenda mwingine kilomita 22, likivuka barabara kuu na reli, wiki tatu linatambaa tu. Watu wote tunashangaa ukubwa, mzee akasimamisha, akaenda na bakora yake mpaka kwenye skrini akagonga kwenye zile ndoo 18 za gurudumu la kuchimbia, anauliza "Meno haya yanalika, nani anabadilisha, na saa ngapi?" Hakuna aliyekua amewaza. Akatueleza korona nayo ni hivohivo, ule mwanya kati ya visu na kitako chake ukikosea kidogo tu, ukibana nyuzi zinakatika, ukiachia jani linatoka na nyama yake, na hapo ujue kwenye jani zima la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu, sasa ukiharibu na hizo umebaki na nini. Mi nimezaliwa Tanga hii nimepita kwenye mashamba ya mkonge maisha yangu yote, hilo nilikua silijui.

Alafu video ikaandika kwamba lile dubwana linakula umeme megawati 16 na ushee. Kijana mmoja fundi umeme akasema jamani bwawa la Hale lote ni megawati 21. Yani mashine moja karibu imalize Hale! Tukiwa bado tunaguna umeme ukakatika, wallahi sitanii, kibanda kizima kicheko. Jenereta mwenye kibanda anayo ila haikua na mafuta, hela hakurudisha, akatuandikia vikaratasi vya kuingilia Jumapili inayofata. Hapo namtoa maksi kidogo.

Jumapili ya tatu ilikua meli ya kuchimba sakafu ya bahari. Ile habari ya bandari yetu kuchimbwa kina mpaka mita 13 niliisikia zamani ila nilikua sielewi mchanga unatolewaje chini ya maji, kumbe kuna kichwa chenye meno kinazunguka kinavurugavuruga, alafu pampu inavuta mchanga na maji pamoja kama unavonyonya dafu na mrija. Wazee wa bandarini wakaanza hadithi za matishari ya enzi zile kabla ya kuchimbwa, meli ilikua inatia nanga nje huko, mzigo mnaushusha kwenye tishari, mnauvuta gatini, mnaupakua tena, kazi ile ile mara mbili.

Lawama yangu kubwa ni hizi video za kompyuta siku hizi, za kutunga. Majuzi kaweka mashine inameza mti mzima inatoa mbao zimepangwa, watoto wanapiga makofi, yule dada wa nyuma akauliza tu "Mkono unanyanyuka, haidroliki iko wapi?" Kweli, hakuna silinda, hakuna paipu, mkono unapanda wenyewe kama jini. Jamaa akaona aibu akaitoa. Awe anampa huyo dada aangalie kwanza.

Kiingereza hakitafsiriwi, na mi naona afadhali, maana wale watafsiri wa muvi wangetuwekea vichekesho juu ya kreni.

Inaanza saa tatu, nenda mapema mana benchi la tatu linayumba, na kahawa iko hapo mlangoni. Jumapili hii kaahidi mashine ya kutoboa handaki. Nimeshamwomba mzee anishikie nafasi pembeni yake.