Wiki moja Taizé: nilienda siwezi kuimba, wakaniimbia

Jamani ngoja niwaambie kuhusu Taizé, kile kijiji cha Ufaransa chenye jumuiya ya mabruda, nimekaa Jumapili hadi Jumapili na mpaka sasa nikitulia bado naisikia ile sauti ya watu.

Nilienda baada ya kumzika mama. Kanisani nilikuwa nahudhuria kama kawaida ila ikifika sifa mdomo haufunguki, wenzangu wanapiga makofi mimi natamani ibada iishe nikalale. Sasa kule hakuna kwaya ya kuimba mbele wengine mkae kusikiliza. Wimbo ni mstari mmoja au miwili tu, Kilatini, Kihispania, Kifaransa, unarudiwa weeee mpaka unaingia wenyewe. Siku ya kwanza sikutoa hata neno, koo limekaba, nimekaa chini na mamia ya watu wananizunguka wanaimba, nikaona kumbe sala inaendelea hata mimi nikishindwa, yaani walikuwa wananibebea. Siku ya tatu nikajikuta naimba, wala sijui nilianza saa ngapi.

Sala ni mara tatu kwa siku, kengele ikilia unaacha ulichoshika. Katikati kuna kimya, kimya kweli kweli, dakika kadhaa. Kwa tuliozoea maombi ya sauti ya juu mwanzoni inatisha, vumilia.

Halafu ile picha. Ndani ya Kanisa la Upatanisho, lile lililofunguliwa 1962, kuna ikoni wanaiita ya urafiki, ni nakala ya mchoro wa Wakopti, wale Wakristo wa kale wa Misri, mchoro wenyewe uko makumbusho ya Louvre pale Paris. Mimi nimekulia kanisa lisilo na picha, ukutani msalaba tu, so nilikuwa na mashaka. Lakini kaa uiangalie. Yesu kasimama na Abate Mena, mkuu wa watawa huko Misri, hawatazamani, wako bega kwa bega wanakutazama wewe kwa macho makubwa, na mkono wa Yesu umepita nyuma ukatua begani kwa Mena, vile ndugu anavyokushika msibani hata pole hasemi. Mkono tu. Hapo nililia yote niliyokuwa nimeyaficha, na dada mmoja ambaye hatuna hata lugha ya kuongea akasogea tukakaa hivo hivo mpaka watu wakaisha.

Na wenyewe msiba wanaujua. Bruda Roger, mwanzilishi wa jumuiya, Mprotestanti kutoka Uswisi, alifika pale 1940 vita imepamba moto akawa anahifadhi wakimbizi, leo mabruda ni Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, na mwaka 2005 Roger aliuawa kwa kisu kwenye sala ya jioni, kanisani humo humo. Jioni ikifika bado wanaimba humo.

Malazi ni mahema na vyumba vya kulala wengi, chakula cha kawaida, na kazi mnagawana, mimi niliosha masufuria. Wengi ni vijana lakini watu wazima pia wapo. Beba kitu cha kukalia.

Ijumaa usiku usiwahi kulala. Msalaba unalazwa chini, mnaenda kwa magoti taratibu kuweka paji la uso kwenye mbao huku wengine wanaimba. Nilisubiri sana zamu yangu, na nilipoinama ule ubao ulikuwa bado una joto la aliyenitangulia.