Teach For America au Boston Teacher Residency: Kipi Kitangulie, Darasa au Mafunzo?

Mhitimu wa shahada isiyo ya ualimu anayetaka kufundisha katika shule za mijini zenye upungufu mkubwa wa walimu nchini Marekani hukutana na njia mbili zinazotofautiana hasa katika swali la lini akabidhiwe darasa. Teach For America, iliyoanza kupeleka walimu shuleni mwaka 1990 kutokana na wazo la Wendy Kopp, humpa mafunzo ya wiki chache za kiangazi, kisha humwajirisha kama mwalimu kamili kwa ahadi ya miaka miwili, huku akiendelea kusomea leseni. Boston Teacher Residency, iliyoanzishwa mwaka 2003, humweka kwanza mwaka mzima wa masomo ndani ya darasa la mwalimu mzoefu, akifundisha kidogo kidogo chini ya uangalizi wake na kusomea shahada ya uzamili, na ndipo apewe darasa lake mwenyewe.

Kwa mwenye familia au madeni ya chuo, mshahara kamili tangu mwanzo si jambo dogo, kwani posho ya mwaka wa uanagenzi ni ndogo mno kwa kodi za nyumba za Boston. Hata hivyo, gharama ya haraka hiyo ya kukabidhiwa darasa hubebwa na wanafunzi, ambao tayari wamezoea kuletewa walimu wapya kila mwaka. Anayekusudia kudumu katika kazi hii, na akaweza kuuvumilia mwaka huo wa kipato kidogo, ningemshauri apeleke maombi Boston.