Maabara ya patholojia pale Milimani Kisumu: vipimo vya uvimbe wa ubongo, nawapa nyota nne

Hii naandikia wale wako na mgonjwa amepasuliwa kichwa, uvimbe umetolewa, alafu daktari anasema vipimo zaidi vinatakikana na hamjui muanzie wapi. Sisi tulipeleka sampuli ya mjomba wangu hapa Milimani kwa sababu ripoti ya kwanza, kutoka kwingine, ilikuwa imeandikwa tu "glioma ya daraja la juu" (yaani uvimbe mkali unaoanzia kwa seli za ubongo zenyewe) na sahihi, basi. Daktari wa kansa akasema kwa hiyo peke yake hawezi kupanga matibabu, manake kulingana na mwongozo wa WHO wa 2021 uvimbe wa aina hii haupewi jina kwa kuangaliwa na darubini pekee, lazima ijulikane kama jeni ya IDH imebadilika ama iko kawaida. Na tofauti ni kubwa jameni! Ikiwa imebadilika unaongea habari ya glioma zinazoitwa astrositoma ama oligodendroglioma, ikiwa ya kawaida kwa mtu mzima mara nyingi ni glioblastoma, ambayo ndiyo kali zaidi na inakua mbio.

Sasa huduma yenyewe. Dada wa kupokea sampuli alishika ile bloku, ni kakipande ka nyama ndani ya nta kwa kikasha cha plastiki, akasoma namba kwa sauti akilinganisha na fomu, tarakimu ya mwisho ikakataa kuoana. Akakataa kuipokea. Alipiga simu mwenyewe huko tulikotoka mpaka wakatuma barua ya kurekebisha, foleni nyuma yetu inanung'unika lakini yeye hata hakubabaika. Kwa hilo tu nawapa heko, hebu fikiria sampuli ya mtu mwingine ipimwe kwa jina la mjomba wako.

Majibu ya kwanza yalipotoka daktari wa patholojia alituita, akamweleza mama kwa Dholuo polepole, akatuonyesha kwa skrini. Kipimo cha IDH wanatumia dawa ya maabara inayoshika ile protini iliyobadilika, seli zikigeuka kahawia basi iko. Za mjomba hazikugeuka. Lakini hakuishia hapo, alisema hiyo dawa inashika badiliko moja tu linaloitwa R132H, ndilo la kawaida, kama asilimia 90 hivi ya mabadiliko ya IDH kwenye glioma, na kwa mtu hajafika miaka 55 ni vizuri jeni isomwe yote ndio msikate kauli haraka. Mwingine angekuandikia hapana akufungulie mlango uende. Ki-67 pia alituelezea, hiyo inaonyesha seli ngapi ziko mbioni kugawanyika, ikiwa juu ni dalili ya ukali lakini peke yake haiwezi kukupa jina la ugonjwa.

Nyota moja nimepunguza kwa sababu ya MGMT. Hiki kipimo wanatuma nje, kinachelewa sana, na hakuna mtu anakupigia, ni wewe unapiga kila saa. Na ni muhimu mno: MGMT ni protini inayorekebisha uharibifu ambao dawa ya temozolomidi inafanyia DNA ya seli za kansa, kwa hivyo jeni yake ikiwa imezimwa dawa inafanya kazi vizuri zaidi. Familia inasubiri hiyo habari roho juu. Alafu bei si ya mchezo, bima yetu haikugusa, unalipa kwanza kwa M-Pesa.

Kitu kingine. Kuna maabara ingine hapo mjini ilitaka kutuuzia pakiti ya vipimo vya damu vya kansa, CEA na CA-125 ndani, eti itaonyesha ukali wa uvimbe wa ubongo. Tafadhali msilipe, hizo haziwezi kukupa daraja la glioma. Damu inasaidia kwa uvimbe fulani nadra wa ubongo unaoanzia seli za uzazi, sanasana kwa watoto na vijana, hapo ndio AFP na beta-hCG zinapimwa. Hawa wa Milimani tulipowauliza walituambia wazi tusipoteze pesa, na wangeweza kutuuzia wao wenyewe.

Mkienda beba ripoti ya operesheni na picha za MRI, daktari anaziulizia. Na siku ya kuchukua majibu daini bloku na slaidi zenu (vile vioo vyenye sampuli), wanarudisha bila shida lakini hawakumbushi mtu.