Cong, Ireland: usiishie kwenye sanamu

Tunaishi Galway, na Jumamosi iliyopita niliichukua familia kwenda Cong, kijiji kidogo cha kaunti ya Mayo, chini ya saa moja kwa gari. Wengi huenda kwa ajili ya The Quiet Man, filamu ya mwigizaji John Wayne iliyopigwa pale mwaka 1951. Sanamu yake akiwa amembeba mwigizaji mwenzake, Maureen O'Hara, ipo, na watu wanaosubiri kupiga nayo picha wapo pia. Sisi tulipita.

Kilichoninasa mimi ni kibanda cha watawa cha kuvulia samaki. Ni kijumba cha mawe, paa halipo tena, kimejengwa juu ya mto wenyewe. Sakafuni kuna tundu. Mtawa alishusha wavu humo huku akiota moto, maana meko yake bado yapo. Inasimuliwa kwamba kamba ilitoka pale hadi kwenye kengele ya jikoni: samaki akinasa, mpishi anajua ateleke sufuria. Mwanangu alilala kifudifudi kuchungulia maji, ikabidi nimbembeleze tuondoke.

Abasia iliyo jirani, yaani makao ya watawa hao, ni magofu, ila nakshi za milango yake ya mawe zinapendeza. Ruaidrí Ua Conchobair, mfalme mkuu wa mwisho wa Ireland, alimalizia uzee wake hapo, akafa mwaka 1198. Msalaba maarufu wa Cong, wa mwaka 1123, usiutafute kijijini. Uko makumbusho ya taifa, Dublin.

Halafu kuna mfereji, na huu ndio ningekushauri usiukose. Mwaka 1848, wakati wa njaa kuu ya viazi, vibarua walianza kuuchimba ili mashua zipite kati ya ziwa Mask na ziwa Corrib. Wakapasua mwamba miaka na miaka. Kumbe mwamba wa pale ni wa chokaa, una matundu kama chujio, maji yanapenya yote chini. Mwaka 1854 kazi ikasimamishwa. Kuta za mawe yaliyochongwa bado zimenyooka vizuri kabisa, na chini yake ni majani tu.

"Baba, maji yako wapi?"

Nikamwonyesha chini ya viatu vyake.

Natoa nyota 4. Ya tano nimeinyima sehemu tuliyokula mchana: supu vuguvugu, bei ya hoteli kubwa. Bebeni chapati zenu, na makoti ya mvua.