CS usome UDSM au UDOM? Uzoefu wangu niliyeenda Dodoma

Matokeo ya form six yakitoka tu wadogo zangu wa mtaani wananijaa inbox, bro CS (computer science) nikasome wapi, kwaio ngoja niandike hapa moja kwa moja niwe natuma link. Mimi nilichaguliwa vyuo viwili, CoICT, kitivo cha kompyuta cha UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) pale Kijitonyama, na CIVE, kile cha UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), na sheria ya TCU, ile tume ya vyuo vikuu, ukipata zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa ile namba ya siri. Nikathibitisha UDOM. Mjomba alikasirika kweli, yaani unaachaje Mlimani unaenda kupigwa na upepo Dodoma.

Kiukweli iliyoniamulia ni hela. Boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa HESLB, sa hivi ni 10,000 kwa siku, hapo ule na ulale, afu baba mwenye nyumba wa Sinza au Makumbusho anataka kodi ya miezi sita mkononi kabla hujapewa funguo. UDOM nililala hosteli ndani ya chuo, unatoka kitandani unaenda lab kwa miguu, daladala huijui. Watu wanaona kitu kidogo ila CS inasomwa usiku bana. Kulikua na jamaa mmoja wa mwaka wa tatu anakaa ngazini na laptop yake, ukimpelekea programu yako ya C imekufa na segmentation fault (imegusa memori isiyo yake) hagusi keyboard yako hata kidogo, anakwambia chora pointa zako (zile anwani za kwenye memori) kwenye karatasi, huu mshale unaenda wapi, na huu je, mpaka unajionea mwenyewe kumbe arei yako ina nafasi kumi inaanzia sifuri inaishia tisa na wewe unang'ang'ania kusoma ya kumi. Nilielewa pointa pale ngazini kuliko darasani.

Sasa Dar inapoipiga Dodoma ni koneksheni, hapo sibishi. Makao makuu ya mabenki mengi na kampuni za simu yako kule, startup nyingi ziko kule, COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) yenye Buni Hub, kituo cha ubunifu, iko Kijitonyama hiyohiyo, kwaio mtu wa CoICT anatoka lekcha anaingia kwenye kikao cha madevelopa bila nauli ya maana. Kama ndoto yako ni startup au fintech nenda Dar, kodi mtapambana nayo mkiwa wanne chumba kimoja. Ila wa Dodoma nao sio yatima, serikali imehamia huku na eGA (mamlaka ya serikali mtandao) wako huku, ukitaka kujua mifumo ya serikali inavyotengenezwa omba field kwao mapema. Na treni ya SGR tangu 2024 Dar ni masaa manne hivi au pungufu, hackathon ya jumamosi unaenda unarudi.

Masomo yenyewe msisumbuke sana kulinganisha, kote utakutana na discrete maths, data structures, database, operating systems, network, na DS (development studies) ya kukusindikiza. Cha kuangalia ni jina la kozi: CS ni miaka 3, computer engineering ni 4 na ina saketi na umeme wa kutosha, kuna watu wanaijaza wakidhani ni kitu kilekile afu wanakutana na oscilloscope, mashine ya kupimia mawimbi ya umeme, wanashangaa.

Kuna chuo kingine pia nilikitembelea kabla ya kuomba, sikitaji, brosha yao ilikua inang'aa balaa. Tukaingizwa lab, kompyuta zimepangwa safi, nikabonyeza ya kwanza kimya, ya pili kimya, dada aliyetupokea akasema fundi yuko njiani. Nikatoka nje nikawauliza wanafunzi waliokaa kivulini, asaimenti za programming zenu mnaandika kwenye mashine au kwenye karatasi, wakacheka tu. Hilo swali kaulizeni kila chuo mnachokifikiria, na muwaulize wanafunzi, wale wa udahili wataniambia nini mimi.

La mwisho, laptop. Usipeleke boom ya kwanza yote kwenye mashine mpya, used ya Kariakoo yenye RAM 8 na SSD inakutosha mwaka wa kwanza na wa pili. Android Studio, ile ya kutengenezea app za simu, ndo itakunyanyasa, ukifika huko ongeza RAM iwe 16, kwaio kabla hujalipa mwambie muuzaji afungue mfuniko uone kama kuna nafasi ya kuongeza, nyingine zimechomelewa kabisa kwenye bodi.