Biro ya makaratasi ya safari, mtaa wa Kenya, Lubumbashi (Kongo)

Ninanunua bidhaa Ndola na Kitwe, kule Zambia, na mara nyingi ninakaa huko hadi mzigo upatikane. Pale mpakani Kasumbalesa kila mtu ana ushauri uleule: toka, lala upande wetu, rudi kesho, utapewa siku mpya za kukaa.

Papa wa biro hii alinikatalia hapohapo. "Mama, Zambia wanahesabu siku zako ndani ya miezi 12. Aliyeingia kwa biashara ana siku 30, mtalii 90. Ukitoka na kurudi, zile ulizokaa zinabaki palepale." Kisha akafungua pasipoti yangu, akaandika mihuri yote kwenye karatasi, ya kuingia na ya kutoka, akanionyesha siku zilizobaki. Kazi hiyo peke yake inastahili malipo! Wengine mjini wanachukua pesa ya wafanyabiashara wadogo na kuwarudisha mpakani wakafukuzwe na mzigo wao, jambo linaloniuma sana.

Anayehitaji kukaa zaidi wanamsaidia kuandaa maombi ya kibali cha muda. Fotokopi unalipa kando, ingefaa waseme mapema. Nendeni asubuhi, Jumatatu foleni inafika barabarani.